Eda ya Fundi wa Mpira

Baraza ya nyumba yetu pale Msambweni ilichakaa upande mmoja tu. Ukitoka mlangoni, mkono wa kushoto ilikaa cherehani ya mume wangu, na sakafu ya hapo ilibaki nzima. Mkono wa kulia chokaa ilikuwa imekwisha, umebaki udongo unaong'aa, kwa sababu hapo ndipo washabiki wa timu walipokaa kila siku baada ya sala ya alasiri. Timu haikuwa na ofisi wala bendera. Ilikuwa na baraza yetu, na mpira mmoja wa ngozi, wa kufungwa kwa kamba, ambao ulilala chini ya kitanda changu. Nilipoolewa sikuambiwa habari ya huo mpira. Niliukuta.

Hii ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yuko. Mume wangu alikuwa Mvumba, mtu wa Vanga kule mpakani. Kushona alijifunza Tanga, na mpira alijifunza Tanga vilevile. Alikuja Msambweni mwezi wa Ramadhani kushona kanzu za Idi, akasema Idi ikipita atarudi kwao, hakurudi. Watu walimwita Fundi. Walipoona anavyowapanga vijana uwanjani waliendelea kumwita Fundi, maana hiyo kazi ambayo leo mnaiita ukocha, wao waliiona ni ufundi tu, kama ule wa sindano.

Aliyenioza ni mjomba wangu, kaka yake mama. Kwetu sisi Wadigo mjomba ana neno zito, na baba yangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mjomba huyohuyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa timu. Alimpa Fundi mke kwanza, na timu msimu uliofuata, na alikuwa akijisifu kila mahali kwamba mara zote mbili hakukosea.

Tulikaa nyumbani kwa mama. Mama alikuwa haoni. Macho yalimwisha pole pole, nikiwa bado msichana, na nilipoolewa alikuwa anatembea kwa kupapasa ukuta. Lakini nyumba ile aliijua. Alijua ufa uliokuwa karibu na mlango wa ua, alijua mtungi ulipo, alijua kizingiti kilicholika katikati, akienda kutoka chumbani mpaka barazani bila mtu kumshika mkono. Nje ya nyumba ile alikuwa kipofu. Ndani yake alikuwa bibi mwenye mji wake, na ulimi alikuwa nao. Wenzake Fundi walipomtania kwamba anakaa ukweni, aliwajibu kuwa nyumba ya mkwewe ina baraza nzuri.

Basi siku moja timu ya Vanga ikaja kucheza kwetu. Walikuja na lori, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, maana barabara ya Vanga wakati ule mtu akiipita alihesabiwa amesafiri. Nusu ya wachezaji walikuwa jamaa zake Fundi, mtoto wa shangazi, mtoto wa amu, na mmoja aliyecheza senta ambaye Fundi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kupiga mpira alipokuwa mtoto. Sasa mtu kafikiwa na nduguze, atawaacha wakaone njaa uwanjani? Aliniambia nipike. Na kwa kuwa si adabu kulisha wa mbali ukawaacha wa nyumbani, timu yetu nayo ikaitwa ije kula.

Nilipika pilau tangu asubuhi, na majirani wawili wakanisaidia kumenya vitunguu. Sijisifu, lakini pilau ile ilinukia mpaka msikitini. Tukapakua kwenye masinia, watu watano kwa sinia, wageni ukumbini na wenyeji barazani.

Na hapo ndipo mechi ilipochezwa, kusema kweli. Mgeni wa kwetu pwani akialikwa ana namna yake ya kula. Anakata tonge dogo, anasifu, anatafuna taratibu, anasukumia nyama upande wa mwenzake, na mapema ananawa mkono akisema alhamdulillahi, nimeshiba, ingawa tumbo bado linamdai. Mwenyeji naye ana kazi yake. Anatakiwa ale sana, ale kwa raha, mgeni asione haya. Wageni walikula kama wageni, na wenyeji wakala kama wenyeji. Beki wetu, mtoto wa mchoma chokaa, mwenye mapaja kama magogo, alitumiwa sinia la pili akalifuta. Niliona kwa macho yangu kupitia pazia, na nilifurahi, maana mpishi gani hafurahi?

Saa kumi wakaingia uwanjani. Sisi wanawake tulisimama mbali, upande wa miti ya mikanju, na mabuibui yetu, lakini hata kutoka kule niliona kwamba watu wetu wanakimbia kama wamebeba ndoo za maji. Beki alishika kiuno kabla ya mapumziko. Tulifungwa nne bila. Nyumbani kwetu, na watu wa Vanga.

Hata hivyo pengine wangesamehe. Jambo ambalo hawakuweza kusamehe ni kwamba refa alipopiga filimbi ya mwisho, yule senta wa Vanga alimkimbilia Fundi, na Fundi akamkumbatia, akacheka. Alicheka kicheko cha mwalimu aliyeona mwanafunzi wake amefuzu. Mimi nilikielewa kile kicheko. Lakini mashabiki waliokuwa wamesimama karibu naye, wenye koo kavu kwa kupiga kelele za bure, walikiona kwa macho mengine.

Kesho yake nilipika kahawa kama kawaida, nikalitoa dele barazani na vikombe vyake. Alasiri ikasaliwa, watu wakatoka msikitini, na hakuna aliyekuja. Walipita njia, wakatoa salamu kwa Fundi, salamu nzuri tu, kisha wakaenda kukaa baraza ya duka la jirani, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Fundi aliendelea kushona. Kahawa ikapoa, nikaimwaga uani.

Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Fundi akasema, bila kuinua macho kwenye kitambaa:

"Wakinitoa kwenye timu, mke wangu, tunahamia Vanga. Siwezi kushonea kanzu watu wanaoniona mwizi."

Nikamuuliza, "Na mama?"

"Mama tutakwenda naye. Mimi ni mwanawe."

Alisema kwa wema, na ningependa asingekuwa mwema, ningepata pa kugombana naye. Nilikwenda kwa mama nikamweleza. Mama akasema, "Mwanangu, huko Vanga mimi nitajua ukuta upi?" Kisha akasema niende, mke humfuata mumewe, yeye atabaki na jirani atamletea chakula. Aliyasema haya huku mkono wake umeushika ukuta, anaupapasa pale kwenye ule ufa. Roho iliniuma, nikatoka nisije nikalia mbele yake, halafu nikakumbuka kwamba hata ningelia asingeniona. Nikalia.

Nyumba ya jirani ambako mashabiki walihamia ilikuwa na ua wa makuti nyuma, na hapo ndipo wanawake tulipokutana kusuka ukili wa mikeka. Sikwenda kudukua. Nilikwenda kusuka kama siku zote. Kama wanaume wazima wanakaa upande wa pili wa makuti na kupaza sauti, masikio yangu niyatie wapi?

Mchoma chokaa, baba yake yule beki, alikuwa anasema kwa hasira: "Ati pilau! Mtu mzima anaivimbisha timu yake mwenyewe kwa pilau saa mbili kabla ya mechi! Huo ni ufundi au ni uchawi?"

"Mwanao alikula masinia mawili," akajibu nahodha wa timu, kijana mpole ambaye wazee walimpa nafasi ya kusema ingawa ni mchezaji tu. "Hakulazimishwa, mzee. Fundi alituambia tusile sana. Sisi ndio tulioona haya mbele ya wageni."

"Basi na kile kicheko? Nacho tulikila kwenye sinia?"

Watu wakacheka. Wengine wakasema atolewe leo leo, wengine wakasema akitolewa nani atawapanga, kabla yake timu ilikuwa kundi la mbuzi, wamesahau? Mmoja akasema ni msimu mbaya tu. Mwingine akasema msimu mbaya ni wa mihogo, si wa mpira. Wakabishana mpaka nikawa nimesuka urefu wa mkono mzima bila kuangalia vidole vyangu.

Kisha ikaja sauti ninayoijua tangu nizaliwe.

"Mimi niwaambieni neno moja," akasema mjomba. "Mtu wa Vanga ni mtu wa Vanga. Umpe mke, umpe nyumba, umpe timu, moyo wake uko kwao. Mechi ile aliwapa nduguze."

Wanawake wenzangu waliacha kusuka wakaniangalia. Mimi sikumwangalia mtu. Mchoma chokaa angesema hivyo ningemtukana moyoni yakaisha, lakini huyu ndiye aliyeshika mkono wa mume wangu siku ya nikaha na kusema, nimekuoza. Nilimchukia mjomba wangu siku ile, nalisema wazi, nilimchukia chuki ya kweli.

Aliyewatuliza ni sheikh wa mtaa, ambaye alipenda mpira kuliko alivyotaka watu wajue. Akawaambia wasiwe na haraka, hata mume na mke wakigombana dini imeweka taratibu. Mtu haachi mara moja akafunga mlango. Anatoa talaka moja, mwanamke anakaa eda, na ndani ya eda hasira zikishuka anamrejea bila harusi nyingine.

Nadhani alikusudia mfano tu. Lakini mashabiki waliudaka kama golikipa anavyodaka mpira. "Sawa!" wakasema. "Fundi tumpe talaka moja!" Sheikh akawaambia wasicheze na dini, astaghafirullahi, na papo hapo nahodha akamuuliza, je, eda yake itahesabiwaje, maana Fundi hana siku za wanawake? Nilisikia sheikh akikohoa. Akasema, kama ni mfano, ni mfano tu, basi ichukuliwe mechi tatu. Mchoma chokaa akauliza, na mpira, urudishwe? Sheikh akasema mwenye kukaa eda hatolewi nyumbani wala hanyang'anywi vitu vyake, kwa hiyo mpira ubaki palepale ulipo. Na wakitaka kumrejea wamrejee kabla ya filimbi ya mwisho ya mechi ya tatu. Ikipita hiyo, eda imekwisha.

Basi wakaja kwetu, mjomba mbele, na kanzu zao za Ijumaa. Fundi aliwakaribisha, wakakaa upande wao wa kulia, nikaleta kahawa, na mjomba akamweleza kwa maneno mazuri na marefu kwamba timu imeona apumzike. Kuhusu kuuza mechi hakugusa hata kidogo. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu, "Ni talaka ngapi?" maana na yeye alikuwa ameshapata habari, Msambweni ile haina siri. Wakasema moja. Akasema, "Nimepokea," akarudi kwenye cherehani yake.

Nilimwambia jioni ile kile alichokisema mjomba nyuma ya makuti. Nilifikiri atawaka. Alivua kofia, akaikunja, akaiweka kwenye goti. "Nilijua wamesema," akasema. "Nilikuwa sijui kama ni yeye."

Siku ya pili akaliburuta sanduku letu la bati kutoka chumbani akaliweka ukumbini karibu na mlango, akaanza kutia vitu pole pole. Vitambaa ambavyo havikuwa na mwenyewe. Taa ya pili. Nguo zangu za arusi. Alisema hana haraka, mechi tatu ni muda mrefu, na dereva mmoja wa lori la kwenda Lunga Lunga, njia ya Vanga, alikuwa amemwahidi nafasi.

Sanduku lile lilikaa kwenye njia ya mama. Mara ya kwanza aliligonga kwa ugoko akauliza ni nini, nikamwambia. Baada ya hapo aliligonga kila siku, asubuhi na alasiri, na hakuuliza tena. Mtu aliyeijua nyumba yake mpaka ufa wa mwisho, alikuwa hawezi kulizoea lile sanduku, au hakutaka. Nililisogeza kidogo, bado akaligonga.

Hiyo eda ilikuwa kichekesho kwa mji mzima isipokuwa kwetu. Kila jioni mchezaji mmoja alikuja kuchukua mpira. Alipiga hodi, akatoa shikamoo kwa mama, nikauburura mpira kutoka uvunguni nikampa, na Fundi akauona unapita mbele ya macho yake bila kusema kitu. Magharibi ukarudishwa. Wenye utani wakipita njiani wakamuuliza, "Fundi, mbona hujajifukiza udi? Mwenye eda hajipambi?" Akawajibu kwamba anayekatazwa kujipamba ni aliyefiwa, na yeye waliomwacha wako hai, bahati mbaya. Alicheka nao. Lakini chakula alikiacha nusu, na nilikuwa namjua akila.

Wateja nao wakapungua. Hakuna aliyekatazwa kuja, ila mtu akishamsema mwenzake anaona aibu kumpimisha kifua.

Mjomba alikuwa akija kumwona mama kama zamani. Nilimpa shikamoo yake, kwa sababu shikamoo haikatwi, lakini sikumpa kitu kingine. Alikunywa maji akaondoka.

Mechi ya kwanza, bila Fundi, waliwashinda watu wa Diani. Mashabiki wakaimba njia nzima, wakapita mbele ya nyumba yetu kwa makusudi. Fundi alisimamisha cherehani akasikiliza. Nilitaka watu wale wote wapaliwe na mate yao. Mechi ya pili wakafungwa Ukunda. Wakasema jua lilikuwa kali. Mechi ya tatu ilikuwa na Gazi, majirani zetu wa kaskazini, ambao kufungwa nao ni kutaniwa mwaka mzima, sokoni, harusini na matangani.

Nahodha alikwenda kwa wazee asubuhi ya siku ile kuwaomba wamrejee Fundi kabla mechi haijaanza. Nililijua hilo kwa mkewe. Lakini kwenye baraza ya duka hawakuafikiana. Mchoma chokaa alisema wangoje waone. Mjomba akasema yeye ndiye mwenyekiti, hawezi kutema na kulamba. Wakabishana mpaka wakati wa mechi, wakaenda uwanjani bado wanabishana, na mpaka mapumziko, timu imeshafungwa mbili, walikuwa nyuma ya goli wanabishana nani aende amwite. Wakafungwa tano. Refa akapiga filimbi.

Walikuja kesho yake baada ya alasiri, mjomba, sheikh, nahodha, mchoma chokaa na wengine nyuma yao mpaka njiani. Sanduku lilikuwa limeshafungwa kamba. Lori lilikuwa la siku ya pili yake. Mimi nilikuwa ndani nyuma ya pazia, na mama amekaa karibu yangu juu ya mkeka, uso wake umeuelekeza mlangoni.

Mjomba akasema, "Mkwe, tumekuja kukurejea."

Fundi akaukata uzi kwa meno. "Eda imekwisha jana," akasema.

Wakamgeukia sheikh. Sheikh akaangalia chini, akasema kweli imekwisha, ilikwisha na filimbi. Sasa haiwezekani kurejea. Lazima nikaha mpya, kwa ridhaa, na mahari mapya, na walii wa kuoza.

"Basi tuambie walii wako nani, tukamwone," akasema nahodha haraka haraka, kama mtu anayeona mlango haujafungwa wote. "Kama yuko Vanga tutakwenda Vanga."

"Hayuko Vanga," akasema Fundi. "Walii wangu yuko nyuma ya pazia hilo. Mke wangu ndiye aliyeumia kuliko mimi. Akikubali, nakubali. Asipokubali, lori ni kesho."

Sheikh akasema, "Fundi, mwanamke hawi walii."

"Na mwanamume hakai eda, sheikh," akasema mume wangu. "Nyinyi ndio mlioanza."

Hata mchoma chokaa alicheka. Lakini mimi sikucheka. Ningeweza kusema nakubali pale pale, na mama angebaki na kuta zake, na kila kitu kingekwisha. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka kuliko chochote, Mungu anajua. Lakini nilimwangalia Fundi kwa upande wa pazia, mgongo wake, shingo yake, nikajua kwamba nikimrudisha hivi hivi atabaki hapa kwa ajili yangu, akiwashonea kanzu watu waliomwita mwizi nyuma ya makuti, na kila tukifungwa watahamia baraza nyingine wamseme upya.

Mjomba aliingia ndani, kwa kuwa yeye ni mjomba na pazia halimzuii. Alisimama mbele yangu. Alionekana amechoka.

"Mwanangu, wataka mahari gani?"

"Shikamoo, mjomba," nikasema.

"Marahaba."

"Nataka mrudi kukaa barazani kwetu, nyote. Mkishinda mje. Mkifungwa mje vilevile. Mkitaka kumtukana mume wangu, mtukaneni hapa, mbele yake, kahawa nitawapikia mimi. Kwenye baraza ya mtu mwingine asisemwe tena. Na yule aliyesema mume wangu aliwapa mechi nduguze, nataka atoke nje sasa hivi, akae pale alipokuwa akikaa siku zote, alirudie neno lile hali anamwangalia usoni. Akiweza kulirudia, tutapanda lori kesho. Asipoweza, aliondoe."

Mjomba hakuniuliza nimesikia wapi. Alimwangalia dada yake. Mama akasema, "Nenda, kaka. Kahawa inapoa."

Akatoka. Nilimsikia akikaa, magoti yake yalikuwa yakilia siku zote akikaa. Cherehani ikasimama. Kisha akasema:

"Fundi, nilisema wewe uliwapa mechi jamaa zako." Akainua uso. "Siwezi kulisema nikikuangalia. Si kweli. Nilisema kwa uchungu, mwanangu. Unisamehe."

Nikasikia gurudumu la cherehani limezunguka mara moja, kama alivyozoea kulizungusha anapofikiri.

"Mjomba," akasema, "mtu akitaka kuuza mechi atawauzia Gazi, wana minazi. Vanga wangenilipa nini mimi, kaa wa mikoko?"

Kicheko kilichopasuka pale nilikuwa sijakisikia tangu siku ya pilau. Sheikh akasoma Fatiha, wakaitikia amina, na mchoma chokaa akauliza kama mechi nyingine watalishwa tena. Nahodha akamwambia afunge mdomo wake na wa mwanawe.

Sitaki kuwadanganya kwamba baada ya hapo tulishinda. Mechi iliyofuata tulifungwa mbili moja, na mashabiki walikuja kutoka uwanjani moja kwa moja mpaka barazani kwetu, wakajaa upande wa kulia, wakamtukana mume wangu. Walimwambia hajui kupanga mabeki, hajui kushona, na kwamba nahodha angeachwa acheze mbele hata kipofu angeliona goli. Naye akawajibu mmoja mmoja bila kuacha kushona. Mjomba ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Mimi nilikuwa jikoni, napepea moto, na kila tusi lililoingia nililipokea kama zawadi.

Nilipoingia ndani kuchukua vikombe, mama akatoka chumbani kwake akipapasa ukuta. Alipofika ukumbini, karibu na mlango, akapunguza mwendo. Akatanguliza mguu mbele kidogo kidogo, kama mtu anayetafuta ngazi, akagusa sakafu hapa, akagusa pale, na sanduku halikuwepo. Lilikuwa limerudi chumbani kwangu, na nguo zangu za arusi nimezitoa juani.

Nilimwona amesimama pale pale katikati ya ukumbi, bila kushika ukuta. Akafuta macho kwa ncha ya leso.

"Wanamtukana mumeo," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi usisimame hapo. Ongeza maji kwenye dele."